Kiulacho Mfupa si Baridi: Utendaji wa Jeni katika Ukuaji wa Osteoklasti na Ugonjwa wa Baridi Yabisi

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku ya Waswahili, maradhi mengi ya viungo hukusanywa chini ya jina moja: baridi yabisi. Mzee anayelalamikia magoti kila apandapo ngazi, mama ambaye vidole vya mikono yake yote miwili huamka vimevimba na kukakamaa, na mwanamume aliyeamshwa usiku wa manane na maumivu makali ya kidole gumba cha mguu, wote huambiwa kwamba wameshikwa na baridi yabisi. Aghalabu wote hupewa nasaha moja pia: wajifunike vizuri, waepuke maji baridi, wakandwe kwa mafuta yaliyopashwa moto. Kwa mujibu wa elimu ya tiba, hata hivyo, yamkini hao ni wagonjwa watatu wenye maradhi matatu tofauti. Dalili za wa kwanza zinaelekea kwenye uchakavu wa gegedu, ambao huandamana na umri na uzito wa mwili. Dalili za wa tatu zinaelekea kwenye jongo, ambalo hutokana na fuwele za asidi ya yuriki kurundikana kiungoni. Ni yule mama pekee ambaye dalili zake zinaashiria ugonjwa unaolengwa na jina hilo linapotumiwa kwa maana yake finyu ya kitabibu, yaani ugonjwa wa kudumu ambapo kinga ya mwili huvishambulia viungo vya mwili uleule inaopaswa kuulinda.

Makala haya yanafafanua jambo moja kuhusu ugonjwa huo: namna mfupa unavyoliwa. Yanadhamiria kuonyesha kwamba mfupa wa mgonjwa hauliwi na baridi wala hausagiki kwa uzee, bali humeng'enywa na seli maalumu ziitwazo osteoklasti, na kwamba seli hizo hukua pale jeni fulani zinapoamshwa kwa mfuatano maalumu. Suala hili si la wanabiolojia peke yao. Tundu likishachimbwa katika mfupa wa mgonjwa wa baridi yabisi, ni nadra lizibike likawa kama awali, na muda wa kulizuia lisichimbwe ni mfupi. Mgonjwa anayeamini kwamba adui yake ni baridi huenda akautumia muda huo kununua soksi na mafuta ya kuchua.

Jina na Nadharia Iliyolizaa

Maneno "baridi" na "yabisi" yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza linatokana na dhana ya ubaridi, na la pili dhana ya ukavu. Yanapowekwa pamoja hubeba nadharia nzima ya tiba. Matabibu wa Kiyunani wa zama za kale, hususan Hippocrates na Galen, walifundisha kwamba mwili una majimaji ya aina nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba kila moja lina sifa mbili kati ya nne, ambazo ni joto, baridi, unyevu na ukavu. Afya ilichukuliwa kuwa mizani ya sifa hizo, na ugonjwa ukawa ni kuinama kwa mizani. Wanazuoni walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka wa 1037, waliipokea elimu hiyo na kuipanua, nayo ikawa sehemu ya maarifa ya uganga katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Katika nadharia hiyo, kiungo kilichokakamaa kilifasiriwa kuwa kimezidiwa na sifa mbili kwa pamoja, ubaridi na ukavu.

Haifai kudhani kwamba Kiswahili pekee ndicho kilichorithi jina la namna hii. Jina la Kizungu la ugonjwa huo limejengwa juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwa kuwa iliaminika kwamba majimaji mabaya hutiririka mwilini na kutua katika viungo. Daktari Mfaransa Augustin Jacob Landré-Beauvais aliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka wa 1800 kama aina ya jongo, na ni mwaka wa 1859 ambapo Alfred Baring Garrod wa Uingereza aliupa jina ambalo Wazungu hulitumia hadi leo. Nadharia ya mtiririko ilikufa, jina likabaki.

Jina, kwa hakika, halina hatia. Mswahili husema jua limechomoza ilhali anajua kwamba ni dunia inayozunguka, na usemi huo haumdhuru. Hatari huingia pale jina linapoacha kuwa jina na kuwa maelezo ya chanzo, kisha maelezo ya chanzo yakawa mwongozo wa tiba. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi huhisi maumivu na ukakamavu zaidi wakati wa baridi, na hawapaswi kupuuzwa wanaposema hivyo. Lakini kuhisi maumivu ni jambo moja, na kuliwa kwa mfupa ni jambo jingine.

Mfupa: Jengo Lisilokwisha Kujengwa

Mtu mzima huwa na mifupa 206. Kwa kuwa mifupa hubaki kaburini muda mrefu baada ya nyama kuoza, ni rahisi kuidhania kuwa kitu mfu kama jiwe. Mfupa ulio hai, kinyume na dhana hiyo, hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Kwa njia hiyo nyufa ndogondogo hurekebishwa, na mwili hupata kalisi ya kutumia unapoihitaji.

Kazi hii hufanywa na makundi mawili ya seli. Osteoblasti hujenga na osteoklasti hubomoa. Jina la osteoklasti lilitolewa na mwanasayansi Albert von Kölliker mwaka wa 1873 kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mfupa na kuvunja. Ni seli kubwa isiyo ya kawaida, kwani huwa na viini vingi ndani yake ilhali seli nyingi za mwili huwa na kiini kimoja tu. Inapofika juu ya mfupa, hujigandisha na kuziba kingo zake pande zote, mfano wa kikombe kilichofudikizwa juu ya meza. Ndani ya uwazi huo uliofungwa humimina asidi inayoyeyusha madini ya mfupa, kisha hutoa vimeng'enya, kikuu kikiwa katepsini K, vinavyokatakata nyuzi za kolajeni zilizobaki. Ikimaliza, huacha shimo dogo, na osteoblasti hufuata kulijaza.

Osteoklasti, basi, si adui. Watoto wanaozaliwa na kasoro ya jeni inayozinyima osteoklasti uwezo wa kuzaliwa au kufanya kazi hupata maradhi ambapo mifupa hunenepa kupita kiasi, huvunjika kwa urahisi licha ya uzito wake, na huubana uboho hata damu ikakosa mahali pa kutengenezewa. Mfupa usiobomolewa kamwe ni mfupa mbaya. Tatizo la baridi yabisi halitokani na kuwapo kwa osteoklasti, bali na kuitwa kwake mahali isipohitajika, kwa wingi usiohitajika, na kwa amri isiyokoma.

Kamusi Moja, Usomaji Tofauti

Ili kuelewa namna osteoklasti zinavyoitwa, ni sharti kwanza kuelewa jeni hutenda vipi. Jeni ni sehemu ya DNA inayobeba maelezo ya kuunda protini fulani. Binadamu ana jeni za aina hiyo zipatazo 20,000, na karibu kila seli ya mwili wake hubeba nakala kamili. Seli ya ini inazo jeni zote za kuunda jino, na seli ya jicho inazo jeni zote za kumeng'enya mfupa. Kinachoitofautisha seli moja na nyingine si jeni ilizo nazo bali jeni inazozisoma.

Mwanafunzi wa leksikografia anaweza kuifananisha hali hii na kamusi. Nahodha, mpishi na hakimu wanaweza kumiliki kamusi moja yenye vidahizo vilevile, na kila mmoja akaifungua katika kurasa tofauti kwa mujibu wa kazi yake. Kamusi haibadiliki, usomaji ndio unaobadilika. Tofauti iliyopo ni kwamba seli haijichagulii ukurasa kwa hiari. Kuna protini ambazo kazi yake ni kushika DNA mahali mahususi na kuwezesha jeni iliyo jirani isomwe. Makala haya yanaziita protini amshi. Kuna nyingine ambazo hushika DNA na kuzuia usomaji, nazo zitaitwa protini nyamazishi. Jeni inaposomwa, nakala ya maelezo yake hutengenezwa kwa umbo la RNA, hutoka nje ya kiini cha seli, na kutumiwa kuunda protini husika. Hayo ndiyo yanayomaanishwa na utendaji wa jeni.

Mfano wa kamusi una mpaka wake, na mpaka huo ndio wenye manufaa hapa. Kidahizo hakiwezi kufungua kidahizo kingine, lakini protini amshi yenyewe ni zao la jeni. Jeni moja ikisomwa, zao lake laweza kuziamsha nyingine nyingi, nazo zikaendelea kuziamsha nyingine. Amri ndogo iliyotolewa nje ya seli huweza kugeuza tabia yote ya seli hiyo.

Safari kutoka Monositi hadi Osteoklasti

Osteoklasti haizaliwi ikiwa osteoklasti. Asili yake ni seli changa za uboho ambazo huzaa monositi na makrofaji, yaani seli nyeupe za damu zenye kazi ya kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Seli ya ukoo huu ina njia zaidi ya moja mbele yake. Inaweza kuwa makrofaji na kulinda mwili dhidi ya maambukizi, au inaweza kuwa osteoklasti. Uamuzi hutegemea ishara mbili za kemikali.

Ishara ya kwanza ni protini iitwayo kwa ufupisho M-CSF. Hiyo huiweka seli hai, huifanya iongezeke, na huiwezesha kuotesha juu ya ngozi yake kipokezi kiitwacho RANK. Ishara ya pili ni protini iitwayo RANKL, iliyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. RANKL hukaa katika kipokezi hicho mithili ya ufunguo katika kufuli. Katika mfupa wenye afya, ishara hii hutolewa na seli za ukoo wa osteoblasti na seli zilizomo ndani ya mfupa, kwa kiasi kinacholingana na mahitaji. Mwili una breki pia: protini ya osteoprotejerini, iliyoelezwa mwaka wa 1997, huinasa RANKL kabla haijafika kwenye kipokezi. Kwa hiyo hatima ya mfupa hutegemea uwiano baina ya RANKL na osteoprotejerini.

RANKL ikishaingia kwenye kufuli, yanayofuata hutokea ndani ya seli. Protini amshi mbili, NF-κB na c-Fos, huchochewa na kuiamsha jeni ya protini amshi ya tatu iitwayo NFATc1. Wakati huohuo kiwango cha kalisi ndani ya seli hupanda na kushuka kwa mawimbi, na mawimbi hayo huchochea kimeng'enya kinachoiruhusu NFATc1 kuingia katika kiini. Mwaka wa 2002, Hiroshi Takayanagi na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba NFATc1 ndiyo mhimili wa safari nzima. Pasipo NFATc1, seli changa haziwi osteoklasti hata zikimiminiwa RANKL.

NFATc1 ina tabia moja inayoeleza ukaidi wa ugonjwa huu. Baada ya kuingia katika kiini, hushika jeni yake yenyewe na kuiamsha zaidi. NFATc1 kidogo huzaa NFATc1 nyingi, mfano wa moto unaojitafutia kuni. Katika hali ya kawaida moto huo huzuiwa na protini nyamazishi, mathalani IRF8, MafB na Bcl6, ambazo huzibana jeni za osteoklasti zisisomwe. RANKL inapozidi, protini nyingine iitwayo Blimp1 huongezeka na kuwanyamazisha wanyamazishaji hao. Basi kuzaliwa kwa osteoklasti kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: amri ya kusoma na kuondolewa kwa katazo la kusoma.

Kinachofuata ni mfululizo wa jeni zilizoamshwa. Jeni ya DC-STAMP husomwa, na zao lake huziwezesha seli moja moja kuungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Jeni za kujigandisha juu ya mfupa husomwa. Jeni za pampu zinazotoa asidi husomwa. Jeni ya katepsini K husomwa. Seli iliyokuwa na uwezo wa kuwa mlinzi wa damu sasa imepewa vyombo vyote vya kubomolea.

Kiungo Kilichoshambuliwa

Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha mwendo. Katika baridi yabisi, utando huo huvamiwa na seli za kinga, huvimba, hunenepa, na hatimaye hutambaa juu ya gegedu na ncha za mfupa. Mwaka wa 1998, watafiti nchini Marekani waliochunguza viungo vya wagonjwa walithibitisha kwamba mahali utando huo unapokutana na mfupa ulioliwa pana seli zenye viini vingi, nazo zinasoma jeni zilezile za osteoklasti. Mla mfupa alikuwa amepatikana mahali pa tukio.

Swali lililobaki lilikuwa ni nani aliyemwita. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba seli T, ambazo ni miongoni mwa majemadari wa kinga ya mwili, zinapochochewa hutoa RANKL. Baadaye ilibainika kwamba seli nyingine nyingi zaidi hutumiwa kupitisha amri hiyo. Fibroblasti za utando wa kiungo, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuushikilia utando usichanike, huanza kubeba RANKL kwa wingi zinapochochewa na kemikali za mwako kama vile TNF na IL-6. Utafiti wa mwaka wa 2016 uliofanywa kwa panya ulionyesha kwamba RANKL ya fibroblasti hizo ndiyo inayohusika zaidi na kuliwa kwa mfupa. Fauka ya hayo, TNF huzifanya seli changa za ukoo wa monositi ziwe sikivu zaidi kwa RANKL, na huchochea protini zinazowazuia wajenzi, yaani osteoblasti. Wabomoaji wanaongezewa amri, wajenzi wanafungwa mikono.

Kuna ushahidi kwamba hata monositi zinazoitikia wito huo katika kiungo kigonjwa hazifanani kabisa na zile za mfupa wenye afya. Mwaka wa 2019, watafiti wa Osaka nchini Japani walieleza kundi la makrofaji lipatikanalo katika viungo vya panya wenye ugonjwa wa aina hii, ambalo huwa osteoklasti kwa urahisi na ambalo hutegemea protini amshi iitwayo FoxM1. FoxM1 ilipozuiwa, mfupa uliliwa kwa kiasi kidogo. Umuhimu wa ugunduzi huo ni kwamba unafungua uwezekano wa kumlenga mbomoaji wa kiungoni bila kumgusa yule anayefanya kazi halali kwingineko.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo inasadifu hapa kwa ukamilifu: mlaji ni seli ya mgonjwa mwenyewe, anayempa amri ni seli ya mgonjwa mwenyewe, na jeni zinazosomwa ni za mgonjwa mwenyewe, zisizo na kosa lolote la tahajia. Zipo, naam, tofauti za jeni zinazomfanya mtu awe katika hatari zaidi ya kuugua, hasa katika jeni za kundi la HLA, na uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo. Lakini jeni zinazomeng'enya mfupa ni zilezile alizo nazo kila mtu.

Uvimbe na Uharibifu: Mambo Mawili

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba uvimbe wenyewe ndio unaousaga mfupa. Majaribio mawili yalilitenga jambo hilo waziwazi. Katika la kwanza, lililochapishwa mwaka wa 2001, panya wasio na jeni ya RANKL walisababishiwa ugonjwa wa viungo. Viungo vyao vilivimba, lakini mifupa yao ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Katika la pili, lililofanywa mjini Vienna nchini Austria na kuchapishwa mwaka wa 2002, panya wenye TNF nyingi kupita kiasi walizalishwa bila jeni ya c-Fos, hivyo hawakuweza kuunda osteoklasti. Panya hao pia walivimba viungo, lakini mifupa yao haikuliwa.

Funzo lake ni kwamba mwako na kuliwa kwa mfupa ni mambo mawili yaliyounganishwa na daraja, na daraja hilo ni osteoklasti. Funzo hili lina upande wake wa kutahadharisha. Ikiwa uvimbe waweza kuwapo bila mfupa kuliwa, basi pia maumivu yaweza kupungua ilhali mfupa unaendelea kuliwa. Mgonjwa anayemeza dawa za kutuliza maumivu na kupata nafuu hajathibitishiwa kwamba mfupa wake umesalimika.

Kutoka Maarifa hadi Tiba

Maarifa haya yamezaa tiba. Dawa ya methotreksati, ambayo ndiyo tegemeo la kwanza kwa wagonjwa wengi duniani, hupunguza mwako na hivyo kupunguza wito wa osteoklasti. Ni ya bei nafuu ikilinganishwa na dawa mpya, ingawa humhitaji mgonjwa apimwe damu mara kwa mara na haifai kutumiwa na mwanamke mjamzito. Dawa zinazoizuia TNF, zilizoanza kuidhinishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, huikata amri karibu zaidi na chanzo chake, lakini gharama yake huziweka mbali na wagonjwa wengi.

Dawa ya denosumabu huenda moja kwa moja kwenye RANKL na kuinasa, kwa namna ya osteoprotejerini. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2010 kwa ajili ya mifupa dhaifu ya wanawake waliokoma hedhi, na Japani iliidhinisha matumizi yake dhidi ya kuliwa kwa mfupa katika baridi yabisi mwaka wa 2017. Majaribio yalithibitisha kile panya walichokwisha kukionyesha: kuliwa kwa mfupa kulipungua, lakini uvimbe haukupungua na gegedu halikuokolewa. Isitoshe, dawa hiyo ikisimamishwa bila mpango, osteoklasti hurudi kwa kishindo. Kwa sababu hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya dawa za kutuliza kinga. Nayo dawa ya odanakatibu, iliyobuniwa kuizuia katepsini K, iliachwa mwaka wa 2016 baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya kiharusi. Vidonge vya jamii ya steroidi, ambavyo hutuliza viungo upesi na hivyo kupendwa, vikitumiwa kwa muda mrefu huidhoofisha mifupa ileile.

Jambo linalokubaliwa na wataalamu wote ni muda. Kwa wagonjwa wengi, mashimo ya kwanza huweza kuonekana kwa picha ya eksirei katika miaka miwili ya mwanzo ya ugonjwa, na tiba iliyoanza mapema huuzuia uharibifu kuliko tiba ileile iliyoanza kwa kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu mwaka wa 2019, na kwamba takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Katika Afrika Mashariki, ambako madaktari bingwa wa maradhi haya ni wachache mno, kila mwezi unaopotea kabla ya mgonjwa kufika hospitalini una thamani kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hakuna fundi awezaye kuujenga upya kikamilifu.

Hitimisho

Imebainika kwamba mfupa katika baridi yabisi huliwa na seli za mwili wenyewe, kwamba seli hizo hukua kwa kusomwa kwa jeni fulani chini ya uongozi wa NFATc1, na kwamba amri ya kuzisoma hutoka katika utando wa kiungo uliovamiwa na kinga. Baridi ya hali ya hewa haimo katika mnyororo huo.

Haya hayalazimu jina la kale litupwe. Lugha nyingi hutunza majina ya nadharia zilizokufa, na jina lililozoeleka lina nguvu ambayo istilahi mpya haina. Kinachohitajika ni kulitenga. Mtafsiri wa vijitabu vya afya, mtangazaji wa redio na mwalimu wa Kiswahili wanaweza kulihifadhi jina la baridi yabisi kwa ugonjwa wa kinga pekee, wakaliacha jongo liwe jongo, na uchakavu wa gegedu ukaitwa kwa jina lake. Wanaweza pia kuandamanisha jina hilo na dalili badala ya hali ya hewa: viungo vidogo vya mikono au miguu vilivyovimba, aghalabu pande zote mbili, ukakamavu wa asubuhi unaodumu nusu saa, saa moja au zaidi, hali hiyo ikiendelea kwa wiki sita. Msikilizaji mwenye dalili hizo anastahili kuambiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba blanketi litampa faraja, lakini mfupa wake unamhitaji daktari, tena mapema.